Majimaji meupe kwenye mrija baada ya upasuaji wa kongosho: yaliyompata baba yangu

Ndugu uliyeuliza kuhusu mama yako, ambaye siku ya sita baada ya upasuaji wa kongosho mrija wake umeanza kutoa majimaji meupe na jamaa wakasema ni usaha, pole sana kwa kuuguza. Nilikaa na baba yangu wodini zaidi ya mwezi mmoja kwa jambo hilohilo, kwa hiyo nitaeleza niliyoyaona na niliyoelezwa na madaktari waliomtibu.

Baba alikuwa na uvimbe kwenye kichwa cha kongosho, akafanyiwa ule upasuaji mkubwa uitwao Whipple, ambamo huondolewa kichwa cha kongosho, duodenamu (sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba), kibofu cha nyongo na sehemu ya njia ya nyongo, kisha viungo vilivyobaki huunganishwa upya na utumbo. Aliachiwa mirija miwili tumboni. Siku nne za mwanzo yalitoka majimaji yenye rangi ya chai ya rangi iliyozidishwa maji. Siku ya tano asubuhi alikunywa kikombe cha uji wa maziwa, na ilipofika saa nane mchana, nilipoinama kusoma alama za mfuko, nilikuta mililita 400 za kitu cheupe, chepesi, kisicho na harufu, mfano halisi wa tui la pili. Muuguzi wa zamu aliandika kwenye faili kwamba ni usaha, nasi tukalala na hofu hiyo.

Daktari bingwa alipopita kesho yake aliuliza mambo mawili tu, kama kuna harufu na kama mzee ana homa. Hapakuwa na hata kimoja. Akaagiza majimaji yapelekwe maabara yapimwe trigliseridi, yaani mafuta, na pia amilesi, ambayo ni kimeng'enya cha kongosho. Tangu mwaka 2017 wapasuaji wa kongosho wana kipimo cha pamoja cha kimataifa: majimaji meupe yanayotoka kuanzia siku ya tatu baada ya upasuaji, yakiwa na trigliseridi ya miligramu 110 kwa desilita au zaidi, sawa na milimoli 1.2 kwa lita, huhesabiwa kuwa ni mvujo wa kaili, yaani limfu (majimaji ya mwilini yanayopita kwenye vijishipa vyake, mbali na vya damu) iliyobeba mafuta ya chakula. Amilesi ikiwa juu sana, tatizo ni jingine, kwamba kongosho lenyewe linavuja, na hilo mimi ningeliogopa zaidi. Muulize daktari wa mama yako majibu ya vipimo vyote viwili, kwa sababu mvujo mmoja hauzuii mwingine.

Sababu yake ni hii. Mafuta mengi tunayokula hayaendi moja kwa moja kwenye damu. Hupita kwanza kwenye vijishipa vya limfu vya utumbo, hukusanyika mbele ya pingili za juu za kiuno, hupanda kifuani na kumwagika kwenye mshipa wa damu karibu na mtulinga wa kushoto. Kongosho limelala jirani kabisa na njia hiyo, na daktari anayefuata saratani hulazimika kuondoa tezi za limfu zilizozunguka mishipa mikubwa ya damu mahali hapo. Mgonjwa huingia chumba cha upasuaji akiwa amefunga, kwa hiyo limfu yake siku hiyo haina weupe, na kijishipa kilichokatika ni vigumu kukiona. Kinajitangaza mgonjwa anapoanza kula.

Matibabu ya baba yalianzia jikoni, na hapo ndipo familia yetu ilipoteleza. Tuliambiwa asile mafuta. Tukaacha mafuta ya kupikia, nyama ya mafuta na karanga, lakini shangazi yangu, ambaye hakuvumilia kumwona kaka yake akila kama mtoto mchanga, alileta hotipoti ya wali wa nazi na mchicha wa nazi, akiamini kwamba nazi si mafuta, ni tunda. Jioni ile mfuko ulitoa mililita 900. Mtu mwingine akatushauri mafuta ya nazi kwa kuwa amesikia kwamba wagonjwa wa namna hii hupewa mafuta ya mnyororo wa kati, ambayo huenda ini moja kwa moja bila kupitia limfu. Mafuta hayo yapo kweli, ila hutengenezwa maalumu. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ya kawaida ni asidi ya lauriki, ambayo kwa sehemu kubwa hupita kwenye limfu kama mafuta mengine. Parachichi nalo ni vilevile, ingawa wengi huliweka kundi moja na papai.

Baada ya hapo akala wali mkavu, samaki mweupe wa kuchemsha, ute wa mayai na matunda. Mvujo ulipungua polepole mno, na miguu ikaanza kuvimba kwa sababu limfu iliyokuwa ikimtoka hubeba protini nyingi, basi akawekewa lishe ya mishipani pamoja na sindano za oktriotaidi, dawa ya kusaidia kupunguza mvujo, chini ya ngozi. Wagonjwa wengi hupona bila kurudishwa chumba cha upasuaji, na baba alikuwa mmoja wao.

Usidanganyike na rangi. Mgonjwa asipokula mafuta majimaji hurudi kuwa maangavu hata kama tundu liko wazi, kwa hiyo andika mililita za kila siku kwenye daftari lako mwenyewe. Ya baba yaliposhuka hadi 60, daktari aliagiza apewe chakula chenye mafuta kidogo huku mrija ungali mahali pake. Tulisubiri siku mbili tukiuchungulia mfuko kila saa; haukugeuka mweupe, na mrija ukatolewa. Kwa wiki kadhaa baadaye tuliagizwa kuangalia kama tumbo linajaa au anakosa pumzi, na mkanda wa kupimia kiuno tuliuning'iniza kwenye msumari karibu na kitanda chake.