Keki ya gari la zimamoto: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza mambo mawili: kama ununue kile chombo cha kuokea chenye umbo la gari, ili mjukuu wangu apate keki ya gari la zimamoto akitimiza miaka minne, na kwa nini keki uliyoijaribu ilimeguka yote ulipoanza kuichonga. Nianze na hilo la pili, maana ukilielewa, la kwanza litajijibu lenyewe.

Ulioka keki ya mafuta, ukaiacha ipoe kidogo, ukashika kisu. Keki ya mafuta ni laini na tamu, lakini si ya kuchonga. Mafuta hubaki majimaji hata kwenye friji, kwa hiyo keki haipati cha kuikaza. Siagi ikipata baridi huganda, na keki hukaza pamoja nayo. Tena keki yoyote ikiwa bado na uvuguvugu, wanga wake haujatulia, na kisu huirarua badala ya kuikata. Mkono wako hauna kosa lolote, mama.

Kwa hiyo oka keki ya siagi ya vipimo sawa, ile ambayo Waingereza wamekuwa wakiioka tangu karne ya 18. Unga wa ngano gramu 250, siagi 250, sukari 250, na mayai matano, ambayo bila maganda yanakaribia uzito huohuo. Ongeza kijiko kimoja na nusu cha chai cha beking pauda, chumvi kidogo na vanila. Siagi na mayai vikae nje ya friji mapema. Piga siagi na sukari mpaka iwe nyeupe na nyepesi, kisha tia yai mojamoja. Ukiona mchanganyiko unaanza kukatika, tupia kijiko cha unga, utarudi. Unga uliobaki uchanganye taratibu kwa mwiko, usipige tena kwa mashine. Mimina kwenye chombo cha mraba cha sentimita 20 ulichotandika karatasi, oka kwa moto wa nyuzi 160 kwa dakika 50 hadi 60. Kijiti kikitoka kikavu, imeiva. Ikipoa kabisa, ifunge vizuri kwa plastiki, ilale kwenye friji usiku kucha.

Sasa utaona kwa nini chombo cha umbo la gari sikihitaji, na wewe pia usikinunue. Vyombo hivyo vina pembe nyingi, keki hunasa humo, na ukishakitumia mara moja kinakaa kabatini. Keki yako ya mraba ikate katikati, upate vipande viwili vya sentimita 20 kwa 10. Sawazisha juu, paka aisingi kati yake (ile krimu ya siagi na sukari ya unga, vipimo vyake nimeviandika chini), vibebanishe. Tayari una gari: refu, jembamba, lenye kimo cha karibu sentimita 10. Acha sentimita 6 za mbele zibaki juu, hicho ndicho kichwa chenye dereva. Sehemu yote ya nyuma ipunguze sentimita 2, hapo ndipo ngazi italala. Kabla ya kukata, chora umbo la ubavuni kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, likate, libandike kwenye keki kwa vijiti vya meno, kisha ufuate ukingo wake kwa kisu chenye meno, polepole, bila kukandamiza. Vijiti hivyo uvihesabu unapoviweka na unapovitoa. Kwenye keki ya watoto hakitakiwi kubaki hata kimoja.

Ila kabla ya yote hayo, kaa na mtoto umuulize gari la zimamoto lina nini. Usimsaidie kujibu. Atakutajia vitu vitatu au vinne: ni jekundu, lina ngazi, lina magurudumu makubwa, lina taa ya kuwaka. Basi hivyo ndivyo vya kutengeneza, na uvitengeneze vizuri. Sisi watu wazima tunataka kuongeza vioo vya pembeni, namba, mabomba, vitasa vya milango, mpaka keki inajaa vidude na mtoto halioni tena gari lake. Mtoto hulitambua kwa alama chache, na akikosa moja kati ya hizo alizozitaja, hata ukiweka mapambo mengine ishirini atauliza iko wapi ngazi.

Aisingi ya kwanza: siagi gramu 250, sukari ya unga 500 iliyochekechwa, kijiko cha maziwa. Paka safu nyembamba keki yote, kama fundi anavyopiga ripu ya kwanza. Kazi yake ni kukamata chengachenga. Kila unapokwangua kisu, kwangulia kwenye bakuli lingine. Ukirudisha mabaki yenye chenga kwenye aisingi safi, zitasambaa humo zote. Rudisha keki kwenye friji nusu saa, mpaka ukiigusa kidole kisinate. Bila baridi hiyo, safu ya juu haiwezi kunyooka.

Rangi nyekundu ndiyo ngumu kuliko zote. Ukitumia rangi ya maji utaimimina mpaka aisingi ilegee, na bado utapata waridi. Ukiizidisha inakuwa chungu na kuwapaka watoto midomo na meno. Ushauri wangu ni ununue fondanti, yaani lile donge laini la sukari linalosukumwa kama chapati, iliyokwisha tiwa rangi nyekundu, gramu 600 zitatosha. Ukishindwa kuipata, tia rangi ya jeli kwenye fondanti nyeupe, pata waridi iliyokolea, kisha ifunike ilale usiku mmoja. Rangi hukolea yenyewe ikikaa, na asubuhi utaona kama kweli inahitaji kuongezwa.

Usijaribu kuifunika keki yote kwa shuka moja la fondanti. Shuka hufaa keki ya mviringo. Kwenye kona za gari litajikunja na kuchanika. Fondanti isukume iwe nene milimita 3 au 4 juu ya sukari ya unga kidogo, ukate ubavu mmojammoja kwa ile karatasi yako, kisha mbele, nyuma na juu. Keki ipakwe safu ya pili ya aisingi kwanza, ndiyo gundi yako. Viungio vifiche kwa utepe mweupe, ambao magari hayo huwa nao hata hivyo. Vyeupe vyote vibandike mwishoni kabisa, maana fondanti ikitoka kwenye friji hutoa jasho, na nyekundu ikilowa huchuruzika juu ya nyeupe.

Magurudumu ni biskuti za mviringo za chokoleti. Ngazi itengeneze kwa biskuti nyembamba za vijiti, ziungwe kwa aisingi juu ya karatasi na kuachwa zikauke. Taa ni pipi laini ya buluu. Ukihitaji kushikiza kitu, tumia kipande cha tambi kavu, hakina hatari ya kijiti cha meno. Vipande ulivyovichonga usivitupe. Vifikiche, uchanganye na aisingi kidogo, vitaziba popote pembe itakapomeguka.

Kama sherehe ni Jumamosi, oka Alhamisi, chonga na upake aisingi ya kwanza Ijumaa asubuhi, ivalishe fondanti Ijumaa jioni keki ikiwa baridi, kisha iache chumba chenye ubaridi ndani ya boksi la karatasi. Magurudumu na ngazi viwekwe Jumamosi yenyewe, biskuti zisije zikalegea. Na ikiwa lazima ilale kwenye friji, itoe saa mbili kabla ya kuikata, kwa sababu keki ya siagi ikiliwa baridi ni kavu mdomoni, na itakuwa huzuni kwa kazi yote hiyo.

Ukimaliza kuchonga, kabla hujaivalisha chochote, nipigie picha ya ubavuni uniletee. Kichwa kikikaa chini sana kitafanana na basi, na wakati huo bado kuna nafasi ya kukirekebisha.

Mnibusie mume wangu huyo.

Mama