Mpango wa matumizi ya ardhi upo, mashamba bado yanafunguliwa: kasoro iko wapi?

SWALI: Ninafanya kazi na kijiji cha wafugaji na wawindaji kaskazini mwa Tanzania. Kijiji kimekwisha kupitisha mpango wa matumizi bora ya ardhi unaotenga msitu, malisho na ardhioevu ya bondeni, lakini kila msimu mashamba mapya hufunguliwa humo humo. Je, tuongeze doria, au kuna hatua tuliyoiruka?

JIBU: Kwa maelezo yako, nisingeanza na doria. Mpango wa matumizi ya ardhi unaeleza kila eneo litumikeje. Hausemi eneo hilo ni la nani. Viongozi wa kijiji wanapobadilika baada ya uchaguzi, malisho yasiyo na mwenye hati huonekana kama ardhi tupu inayosubiri kugawiwa, hasa malisho ya akiba ambayo kwa makusudi hayaingizwi ng'ombe mpaka kiangazi kikolee.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaruhusu mkutano mkuu wa kijiji kuidhinisha eneo kuwa ardhi ya jumuiya, likaandikwa katika rejista, na tangu hapo halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu binafsi. Zaidi ya hapo, hati ya hakimiliki ya kimila, yaani cheti cha kumiliki ardhi ya kijiji, inaweza kutolewa kwa kundi. Wahadzabe, jamii ya wawindaji wa Bonde la Yaeda, walipata hati ya namna hiyo mwaka 2011 kwa msaada wa shirika la Ujamaa Community Resource Team, na Edward Loure wa shirika hilo alitunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2016 kwa kazi ya kuzipatia jamii hati za pamoja badala ya za mtu mmoja mmoja. Wilayani Kiteto, vijiji jirani vilivyokuwa vikitumia malisho kwa pamoja viliandaa mpango wa pamoja, na hati zikatolewa kwa chama cha wafugaji, kwa sababu ng'ombe hawaujui mpaka wa kijiji.

Hata hivyo hati haiponyi ramani mbaya, na hapa ndipo wataalamu tunapokosea sana. Niliwahi kushiriki upimaji uliofanyika wakati wa masika, nyasi zikiwa kila mahali na bonde limejaa maji. Tulichora ukingo wa maji tuliouona. Tuliporudi kiangazi, maji yalikuwa yamesogea mbali, na njia ya ng'ombe kwenda kisimani ilikatiza katikati ya eneo tulilolipangia kilimo. Pimeni kiangazi, mkitembea na wachungaji, na pia na wanawake wanaochimba mizizi, kwa kuwa wanayajua maeneo ya msitu ambayo mzee wa boma hajawahi kuyakanyaga. Wahadzabe huishi katika kambi ndogo zinazohama, na mkutano mkuu unaoitishwa kwa tangazo ofisini utawakosa. Wafuateni kambini kabla mapendekezo hayajaandikwa.

Kuhusu mto na ardhioevu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Wapo maofisa wanaolitafsiri katazo hilo kuwa ni kuwafukuza ng'ombe majini, tafsiri ambayo kwa maoni yangu inaharibu uhusiano na wafugaji bila kuuokoa mto. Lililo la busara ni kutenga sehemu chache za kunyweshea zenye udongo mgumu, njia za kuzifikia zikiandikwa kwenye mpango, na kingo nyingine kuachwa ziote.

Doria itafaa baadaye, mgambo atakapokuwa na cha kuonyesha, yaani mipaka iliyoandikwa kwenye rejista. Sheria ndogo za kijiji lazima zipitishwe pia na halmashauri ya wilaya, la sivyo faini mnayotoza inaweza kupingwa. Anza kwa kuomba kuiona rejista ya ardhi ya jumuiya katika ofisi ya kijiji, na uthibitishe kama msitu, malisho na bonde vimeandikwa humo kwa majina na mipaka yake, kabla ya watu kuanza kufyeka kwa ajili ya msimu ujao.