Kwa mliochaguliwa juzi kuongoza chama kwenye tawi na kata

Wadogo zangu, hongereni. Najua wengi wenu macho yako mkoani, na si vibaya. Mimi nilianzia ukatibu wa tawi huku Usukumani, nikafika wilayani, mkoa nikaugombea mara moja nikakosa. Nimeona waliopanda na walioanguka, na kila mgeni wa siasa anaponijia humsimulia kwanza habari za Paul Bomani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa, yaani mkoa wa kikoloni wa huku Mwanza, alikuwa na kilio kimoja: mizani. Anafunga mzigo nyumbani, anaubeba kichwani hadi kwa mnunuzi, anaambiwa uzito ambao mgongo wake unakataa. Bomani, kijana aliyekuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza, hakuanza na hotuba za uhuru. Alizunguka vijijini kuwaunganisha wakulima wapime na kuuza pamba yao wenyewe. Vyama vile vidogo vikaungana, na kufikia 1955 kulikuwa na Victoria Federation, muungano uliokuja kuwa miongoni mwa vyama vya ushirika vikubwa kabisa Afrika.

Sasa angalieni jambo hili. TANU, chama kilichopigania uhuru, ilipozaliwa 1954, wakoloni waliizuia kufanya kazi Jimbo la Ziwa, na zuio likadumu hadi 1958. Matawi hayakuruhusiwa, lakini watu walikuwa wamekwisha kujipanga. Katibu wa chama cha msingi cha ushirika aliyeaminiwa na pamba ya kijiji kizima hakuhitaji kadi ya TANU ili asikilizwe. Ndiyo maana zuio lilipoondolewa, TANU ilikuta shamba limelimwa. Bomani akawa Waziri wa Kilimo, kisha wa Fedha.

Halafu ukaja uchaguzi wa 1965. Chama ni kimoja, wagombea wawili karibu kila jimbo la uchaguzi, na Waziri wa Fedha akashindwa nyumbani kwake Mwanza. Mwalimu alimrudisha serikalini, na baadaye akawa balozi Marekani kwa zaidi ya miaka kumi, kwa hiyo kazi yake haikuishia pale. Lakini mimi kura zile nazisoma hivi: mwenye pamba alikuwa bado anasimama mbele ya mizani, na safari hii mizani ilikuwa ya ushirika. Manung'uniko juu ya vyama vile yalikuwa makubwa kiasi kwamba 1966 Serikali iliunda tume ya kuvichunguza. Ukijenga jina lako kwa kutatua kero, watu watakurudia na kero hiyohiyo maisha yako yote. Wana haki.

Nami yalinikuta. Nikiwa wilayani, tulikwenda kijiji kimoja kwenye ziara ya kiongozi. Mama mmoja alisimama kuuliza habari ya kisima kilichokufa pampu. Nilimwambia swali lake limepokelewa, tukapanda magari, vumbi likabaki. Sikuliandika popote. Miaka mitatu baadaye naomba kura za mkoa, mjumbe wa kata ile akanitazama usoni akasema, "Katibu, pampu je?" Sikuwa na jibu. Watu husema wajumbe si watu wazuri. Yule alikuwa mzuri, alikuwa na kumbukumbu kuliko mimi.

Kwa hiyo shikeni daftari. Nasema daftari la wanachama la tawi, lile lenye jalada lililochakaa. Lifungueni wiki hii, mpite nalo shina kwa shina, yaani kundi kwa kundi la nyumba za wanachama, pamoja na mabalozi wanaoyaongoza. Mtakuta marehemu wamo, waliohamia Geita wamo, na kijana aliyelipa ada mwaka jana hayumo. Kazi hii inachosha na haina picha ya kupeleka kwenye kundi la WhatsApp, lakini ukiimaliza utawajua watu wako kwa majina, na siku ya uchaguzi wa ndani hakuna atakayekudanganya idadi.

Kuhusu kupanga safu ya watu wako na kugawa bahasha za hela, nitasema kwa ufupi kwa sababu mnajua. Mjumbe aliyenunuliwa na wewe jioni hununuliwa na mwingine usiku. Tena ukishapata, hao wapambe uliowalipa ndio watakaokuzuia kumsikia mama wa pampu.

Na katibu wako wa chama mheshimu. Yeye ni mtendaji, wewe umechaguliwa. Nimeona mikoa ikikaa mwaka mzima bila kikao cha maana kwa sababu mwenyekiti na katibu hawasalimiani. Gombaneni ofisini, mlango umefungwa, mkitoka mtoke na neno moja.

Kikao chako cha kwanza usikifungue kwa salamu ndefu za viongozi wa juu. Soma muhtasari wa kikao kilichopita, fika kwenye yatokanayo, yale mliyoachiwa na kikao hicho, kisha waambie wajumbe kila jambo limefikia wapi, hata lile ambalo halijaguswa.