Tangazo la Taarab Lisomeke Kutoka Ng'ambo ya Njia

Ukipewa kazi ya kutengeneza tangazo la onyesho la muziki hapa Unguja, shika makapeni kabla ya simu. Nimevitengenezea vikundi vya taarab matangazo ya karatasi na ya simu, na hadi leo naona jina la kikundi lililoandikwa kwa mkono huvuta jicho kuliko herufi za programu ambazo kila mtu anazo. Liandike kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, lipige picha mchana, kisha upange mengine kwenye simu. Penseli usiitumie, fotokopi haiitoi vizuri.

Kinachoniuma hasa ni tangazo zuri lisilokwambia uende lini. Usiandike "usiku wa Ijumaa" peke yake. Wazee wetu huhesabu siku tangu magharibi, kwa hiyo kwao huo ni usiku wa kuamkia Ijumaa. Onyesho likiwa Alhamisi usiku, vijana watakuja kesho yake, wakute ukumbi umefungwa. Weka siku, tarehe na saa pamoja, kwa herufi nene. Na onyesho likiwa Ngome Kongwe, ambako wageni hawakosi, kando ya saa 2 usiku andika 20:00, maana saa 2 yetu siyo yao. Kiingilio kiandikwe hata kama ni bure. Picha ya mwimbaji ikilisukuma jina la ukumbi pembeni, ipunguze, hata akinuna. Kabla ya kutoa nakala, mimi hubandika moja na kuvuka njia. Nisichokisoma kutoka huko nakikuza.

Kwa bei nafuu, panga matangazo mawili ya A5 kwenye A4 moja, utoe fotokopi nyeusi juu ya karatasi ya rangi, ukate katikati. Acha kama sentimita moja kila ukingo. La kuchapwa kwa rangi liwe na nukta 300 kwa inchi, yaani pikseli 2480 kwa 3508 kwa A4, na ulipeleke steshenari kama dokumenti. Likitumwa kama picha ya WhatsApp hubanwa likafifia. La status ni kazi mbali: 1080 kwa 1920, maneno machache, yakae katikati.

Mji Mkongwe kuta ni za mawe na chokaa, na gundi ikibanduliwa huondoka na lipu. Omba nafasi madukani, Darajani na Mlandege, ubandike kwa ndani ambako mvua ya masika haifiki. Milango ya nakshi usiiguse. Onyesho likisha, pita uyabandue yote.