Jiwe kabla ya kisu

Haupiti mwezi hajaja kijana jikoni kwangu Kirumba, Mwanza, na simu mkononi, akanionyesha picha ya kisu cha Kijapani chenye mawimbi ubavuni. "Anko, hiki vipi?" Namuuliza: unalo jiwe la kunolea? Hana. Basi na wewe unayeanza, tuanzie hapo hapo.

Mimi kisu nilijifunzia kiwandani, kwenye meza ya minofu ya sangara. Kule kisu si chako. Unapewa asubuhi, kikianza kuwa butu unakipitisha kwenye chuma cha kunolea, unaendelea, na kikilika sana kinatupwa bila mtu kukililia. Nilipotoka nikaanza kupikia watu, nikadhani kilichokuwa kinanikwamisha ni kisu. Nikabana pesa karibu mwaka mzima, nikaagiza gyuto ya sentimita 24, kisu cha Kijapani cha mpishi. Jina hilo kwa Kijapani ni kama kusema upanga wa ng'ombe, na kwa Msukuma jina tu linatosha kumtoa mtu pesa mfukoni. Wiki ya pili nikakishusha kwenye kichwa cha sangara wa kilo nane. Kilitoka na mapengo mawili, moja la kuingia punje ya mchele.

Kisu hakikuwa na kosa. Visu vingi vya kawaida vya jikoni vina ugumu wa kama 54 hadi 58 kwa kipimo cha Rockwell. Vya Kijapani huwa 60 na kuendelea, vingine vinafika 65. Chuma kigumu kinakubali makali membamba na kinakaa nayo muda mrefu, ila hakijui kupinda. Kikizidiwa kinamegeka. Kile cha kiwandani kingejikunja kidogo, ningekinyoosha, na kazi ingeendelea.

Mapengo yale ndiyo yaliyonifundisha jiwe, maana hapa mjini sikupata fundi wa kumpa. Mmoja aliwasha gurudumu la umeme, cheche zikaanza kuruka, nikamnyang'anya kisu changu. Joto la gurudumu linaua ugumu wa makali, na ukishauona ukingo umegeuka rangi ya bluu jua pale pameshaharibika. Wala usinoe kwenye mwamba au ngazi ya mlango kama tulivyozoea. Mwanza mawe hatujapungukiwa, lakini ule ukakasi wa mwamba wetu ni wa panga.

Tafuta jiwe la maji la namba 1000; namba ikipanda, jiwe linakuwa laini zaidi. Hilo peke yake litakutosha mwaka wa kwanza. La 3000 au 6000 la kusugulia makali yang'ae litafuata. Hilo la 1000 liloweke mpaka viputo viishe, liweke juu ya kitambaa kilicholowa lisiteleze, kisha laza kisu kwa pembe ya nyuzi kama 15. Vuta na sukuma bila haraka upande mmoja, mpaka ukipapasa upande wa pili, kidole kikitoka mgongoni kwenda nje ya makali, usikie uzi mwembamba wa chuma unakwaruza kuanzia kisiginoni, karibu na mpini, mpaka nchani. Usiposikia uzi huo hujanoa bado, hata kama umesugua nusu saa. Ukiusikia, geuza. Watu wengi hubadili upande mapema, halafu wanasema jiwe bovu. Jifunze kwa kisu cha elfu tatu cha sokoni, hicho hata ukikiharibu utalala usingizi.

Sasa tuje kwenye kununua.

Maneno shirogami na aogami utayaona kila mahali. Maana yake ni karatasi nyeupe na karatasi ya bluu, yaani rangi ya karatasi ambayo kiwanda cha Yasugi, mkoa wa Shimane huko Japani, kilitumia kutofautisha vyuma vyake. Chuma chenyewe si cheupe wala si cha bluu. Shirogami namba 2 ina kaboni ya asilimia 1 na kidogo, bila mbwembwe nyingine, na inanoleka kwa raha kuliko chuma chochote nilichowahi kushika. Aogami imeongezewa kromiamu na tungsteni, inakaa na makali zaidi lakini jiweni inakutoa jasho. Springi za malori ambazo wahunzi wetu wanafulia visu huwa na kaboni kama asilimia 0.6. Ndiyo maana kisu cha springi kinavumilia mifupa na kinawahi kuwa butu. Usikidharau, mimi ninacho na ndicho ninachopasulia vichwa.

Vyuma vyote hivyo vinashika kutu, na sisi tunaishi kando ya ziwa. Ukikata ndimu ukakiacha kisu mezani uende kupokea simu, utarudi ukute madoa ya rangi ya machungwa. Futa kila baada ya kazi, kausha, usikiloweke kwenye beseni. Utando wa kijivu au bluu utakaojitokeza taratibu usiutoe, unakilinda. Usikipake mafuta ya alizeti, yataganda kama gundi. Parafini ya maji ya duka la dawa inatosha, tone moja. Kama huna subira hiyo, nunua cha VG-10, chuma kisichoshika kutu kirahisi kinachotengenezwa Echizen, na hakuna atakayekucheka.

Kwa samaki wetu, kisu cha kutafuta ni deba. Ni kizito, kina mgongo mnene, na kwa kawaida kimenolewa upande mmoja tu. Ule wa pili umechimbwa kidogo katikati ili mnofu usigande. Kwa sato, deba ndogo ya sentimita 12 inatosha. Kwa sangara wa wastani chukua 18. Hata deba si shoka: mifupa inakatwa kwa sehemu ya kisigino, tena kwa kuegemea, na nusu ya mbele ni ya kutelezea juu ya uti wa mgongo.

Hapo kwenye upande mmoja ndipo nilipoliwa mara ya pili. Mimi ni mashoto. Deba ya kawaida imenolewa kwa mtu wa kulia, na mkononi mwangu ilikuwa inakimbilia nje ya mnofu kila nikikata, nikawa naacha nyama ya mchuzi mzima kwenye mapanki, ile mifupa inayobaki. Za mashoto zipo, ila hufuliwa kwa oda na bei yake iko juu. Kama na wewe ni mashoto, uliza kabla hujatuma hela, au chukua kilichonolewa pande zote mbili.

Yale mawimbi ubavuni ni matabaka ya vyuma laini yaliyobeba chuma kigumu katikati. Ni pambo, hayaongezi makali. Ya bandia huchorwa kwa leza juu juu: michoro inajirudia sawasawa na inashuka mpaka kwenye ukingo wa makali. Kwenye kisu cha kweli mawimbi yanakoma kabla ya makali na unaona mstari mahali chuma cha ndani kinapojitokeza. Muuzaji akishindwa kukutajia chuma cha ndani na mji kilikofuliwa, kama Sakai, Seki, Sanjo au Echizen, funga mazungumzo. Sakai penyewe kazi imegawanywa, mmoja anafua, mwingine ananoa, mwingine anatia mpini, kwa hiyo usishangae jina la ubavuni kuwa la duka.

Ukiagiza, weka pembeni hela ya usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18, inayohesabiwa juu ya bei ya kisu pamoja na hivyo vingine. Akikuletea ndugu anayesafiri, mwambie akiweke kwenye begi la kupakiwa. Kwenye begi la mkononi kitabaki uwanja wa ndege.

Kikifika, usianze na sangara, na usikatie kwenye kaunta ya terazo. Nenda soko la samaki la Mwaloni alfajiri, chukua sato wawili wabichi, waondolee magamba kwa kisu kingine. Tafuta ubao wa mti. Anza nyuma ya pezi la shavuni, shusha mpaka usikie mfupa, kisha laza kisu na ukivute kuelekea mkiani. Sato wa kwanza utamharibu. Huyo mpikie mchuzi.