Unaenda kupasuliwa goita? Usiharakishe kisu

Tangu nifanyiwe upasuaji wa goita wengi wananifuata inboksi, kuanzia hapa Dodoma mjini mpaka Kondoa na Mpwapwa, na karibu wote wanaanza na swali moja, eti sauti itapotea? Nitalijibu, ila kubwa kuliko hilo ni maandalizi.

Yangu haikuwa ile goita ya kukosa madini joto. Tezi ya shingoni ilikuwa inazalisha homoni kupita kiasi, kinga ya mwili yenyewe ndo inaichochea, ugonjwa unaitwa Graves, kwa hiyo wanaokwambia ule chumvi ya madini joto kwa wingi utapona usiwasikilize, kwa sisi inaweza hata kuzidisha. Nilikuwa nakula vizuri tu na bado nakonda, moyo mbio hata nikiwa nimekaa, kikombe cha chai nashika kwa mikono miwili kisimwagike.

Sasa sikia, ukiingia thieta homoni zikiwa bado juu zinaweza kulipuka, joto linapanda ghafla, mapigo yanapitiliza, mtu anachanganyikiwa na anaweza kufa kabisa. Ndo maana unaanzishiwa kabimazoli, dawa ya kushusha homoni za tezi, kwa wiki kadhaa au miezi, na propranolo ya kutuliza moyo, halafu siku kama 10 za mwisho wengi wetu tunapewa matone ya iodini ya Lugol (ni madini joto yaleyale, ila hapa ni ya siku chache tu na daktari ndo anayeyatoa), unadondoshea kwenye maji unakunywa, yanapunguza damu kwenye tezi isivuje sana wakati wa kukata. Wakisogeza tarehe kwa sababu vipimo havijakaa sawa usigombane nao jamani, wala usitafute pa kupasuliwa haraka. Na ukiwa kwenye kabimazoli ukapata homa na koo linauma, nenda hospitali siku hiyohiyo wapime chembe nyeupe za damu, usikae unameza panado.

Haya, sauti. Mishipa ya fahamu ya sauti inapita nyuma ya tezi, ikiguswa unakwaruza, wengi inarudi, wachache hairudi. Yangu ilirudi. Usione aibu kumuuliza daktari kama upasuaji wa tezi anaufanya mara kwa mara au mara mojamoja.

Kilichonishtua mimi ni vidole. Nusu kaputi imeshaisha, naongea vizuri na wageni, usiku midomo na ncha za vidole zikaanza kama sisimizi wanatembea, baadaye mkono unakakamaa. Nyuma ya tezi kuna vitezi vidogo vinne vinavyosimamia kalsiamu, vikitikiswa kalsiamu inashuka. Nikamwita nesi, nikapewa kalsiamu ikatulia. Usivumilie hadi asubuhi, na shingo ikivimba au pumzi ikibana piga kelele wakusikie.

Tezi ikitolewa yote unameza levothairoksini kila siku maisha yako yote, asubuhi tumbo tupu kwa maji matupu, chai ya maziwa isubiri angalau nusu saa, vidonge vya kalsiamu au vya kuongeza damu viachane nayo masaa 4. Ndugu watakuuliza mbona umeshapona bado unameza dawa, waambie hii ndo inafanya kazi ya tezi sasa. Na dada zangu mnaotafuta mtoto, mwambieni daktari mapema, maana mimba ikiingia dozi mara nyingi inabidi ipandishwe, kwa hiyo ukikosa siku zako tu wahi ukapime.