Punje nyeupe si almasi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nilisoma kwamba almasi za maabara hutengenezwa kwa mawimbi ya maikrowevu, na kwamba almasi na risasi ya penseli ni kaboni ile ile. Nikasimamisha risasi ya penseli kwenye oveni ya maikrowevu, nikaifunika kwa glasi. Ukatokea mwanga mweupe unaonguruma, na baada ya sekunde nane glasi ikapasuka. Nimebaki na punje ndogo nyeupe zinazong'aa. Nikizibonyeza kwa kijiko zinasagika. Je, ni almasi changa? Nikiongeza muda zitakua?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nashukuru kwamba macho yako ni mazima.

Almasi haisagiki kwa kijiko, hata ikiwa vumbi. Baadhi ya punje hizo ni vibanzi vya glasi, kwa hiyo usizishike kwa vidole vitupu. Nyingine ni udongo. Tunasema risasi ya penseli, lakini haina risasi hata chembe: ni grafiti, aina laini ya kaboni, iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi, kisha ikachomwa. Grafiti ikiungua inaondoka kama gesi, udongo unabaki.

Mwanga nao ulikuwa jambo la kweli, na ninaelewa kwa nini ulikuvutia. Grafiti hupitisha umeme. Mawimbi ya oveni yanaposukuma elektroni zake huku na huko mara bilioni 2.45 kwa sekunde, umeme unarundikana kwenye ncha mpaka hewa ya jirani inashindwa kuuzuia. Cheche inaruka, hewa inageuka plazma, yaani gesi moto yenye chaji za umeme, na plazma inaanza kunywa nishati ya oveni yenyewe. Ule mngurumo ni wa umeme wa ukutani: katika oveni za kawaida mawimbi hutoka kwa mapigo, 50 au 60 kwa sekunde, na plazma hutanuka na kusinyaa kwa kuyafuata.

Ulichosoma ni sahihi, ila mashine zile hazichomi grafiti. Ni chumba kilichofyonzwa hewa, kikatiwa hidrojeni yenye methani kidogo, gesi iliyo na kaboni, mara nyingi asilimia chache tu. Plazma huvunjavunja methani, na kaboni hutua juu ya kipande cha almasi kilichowekwa kama mbegu, kwenye joto la nyuzi 700 hadi 1,000 za Selsiasi. Fundi hasa ni hidrojeni. Kaboni iliyojipanga kama grafiti inang'olewa upesi, iliyojipanga kama almasi inaachwa. Hata hapo, mara nyingi almasi huongezeka unene kwa sehemu chache za elfu za milimita kwa saa. Oveni yako imejaa hewa yenye oksijeni, na kaboni iliyopata moto mkali katika oksijeni huungua. Dakika zaidi zitakupa majivu zaidi. Na tafadhali usifikirie kuingiza hidrojeni humo, italipuka.

Usirudie hata hilo la penseli. Nilipokuwa na umri kama wako niliweka kipande cha makaa kwenye oveni, madirisha yamefungwa. Kiliwaka chekundu kwa uzuri ambao sijausahau, na kichwa kiliniuma hadi usiku. Ilikuwa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, na ingeweza kuniua. Wala usifungue oveni ili kuichunguza: kapasita yake, kifaa kinachohifadhi umeme, huweza kubaki na maelfu ya volti hata plagi ikiwa imechomolewa.

Ukitaka kuyaona mawimbi hayo, ondoa sahani inayozunguka pamoja na kigari chake, weka kipande kipana cha chokoleti juu ya sahani ya kawaida iliyotulia, washa kwa sekunde 20. Itayeyuka kwa madoa. Pima kutoka katikati ya doa moja hadi katikati ya doa la jirani. Hiyo ni nusu ya urefu wa wimbi. Zidisha kwa 2, kisha kwa bilioni 2.45, utapata mwendo wa mwanga. Mimi nilipata sentimita 6.2 kati ya madoa, yaani kilomita 303,800 kwa sekunde. Wenye vifaa bora wana 299,792.